Mtutu wa Dameski umepasuka sm 19 kutoka nyuma: chuma, kutu, risasi au kizibo?

#1 ChumaChakavu
Salaam wakuu. Naanza na vipimo, maneno baadaye.

Shotigani ya mitutu miwili sambamba, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), nyundo za nje, mitutu ya Dameski (chuma cha kusokotwa na kufuliwa, chenye nakshi) yenye urefu wa sm 76. Wa kushoto umepasuka. Mpasuko unaanza sm 19 kutoka nyuma (nimepima kuanzia uso wa nyuma wa mtutu, si mwisho wa chemba, tundu linalokaa risasi) na unakwenda mbele sm 9. Sentimita 6 za kwanza umenyooka sambamba na mtutu, 3 za mwisho umekata kona na kufuata mzunguko wa nakshi. Umepita kandokando ya ubavu wa chini (utepe wa chuma unaounganisha mitutu miwili), pale unapokutana na mtutu.

Chapa za chini: fimbo mbili za kifalme zilizopishana zenye taji na herufi BPC, taji na V, almasi yenye 12 na C, na namba 13 kwenye kila mtutu. Hakuna NP (uthibitisho wa nitro, yaani baruti isiyo na moshi), hakuna neno nitro popote.

Chemba ina urefu wa mm 65. Kipenyo cha ndani cha mtutu wa kulia, inchi 9 kutoka nyuma, ni mm 18.39 (inchi 0.724). Wa kushoto haupimiki hapo kwa sababu inchi 9 inaangukia ndani ya mpasuko. Unene wa ukuta wa kulia kwenye sm 19 ni mm 1.4. Ukingo wa mpasuko wa kushoto una mm 1.35 sehemu kubwa, mm 0.9 penye vishimo vya kutu.

Nyuma kidogo ya mpasuko, kipenyo cha nje cha kushoto kimezidi cha kulia kwa mm 0.3.

Risasi ni za kiwandani, mm 70, marisau (punje za ndani) gramu 28, baruti isiyo na moshi. Hakuna aliyeumia, mkono ulikuwa nyuma ya mpasuko.

Nini kimeupasua?

#2 NgojaWaje
Nimeweka kambi. Wajuvi wa mitutu njooni.

#3 BarutiKavu
Jibu umeliandika mwenyewe mkuu. Dameski, hakuna NP, umeilisha baruti ya kisasa. Mtutu ule ulipimwa kwa baruti nyeusi. Ulitegemea nini?

#4 KipimoElfu
BarutiKavu #3, kosa la kulisha risasi zile lipo, sipingi. Bunduki isiyo na chapa ya nitro haipewi risasi za nitro, basi. Ila swali ni *kwa nini imepasuka pale*, na hapo jibu lako halifiki.

Presha ya risasi ya shotigani hufika kileleni ndani ya sentimita chache za mwanzo, marisau yakiwa ndiyo kwanza yanaondoka kwenye chemba. Hilo ni kweli kwa baruti nyeusi na kwa isiyo na moshi. Ile hadithi kwamba baruti ya kisasa "hulipukia mbele kwenye mtutu" haina mguu wa kusimamia. Kufika sm 19 imebaki takribani robo ya kilele. Presha ya risasi ikizidi, kinachoondoka ni chemba. Hapa chemba ni nzima.

Halafu tusiitukane Dameski kwa jumla. Mwaka 1891 Nyumba ya Uthibitisho ya Birmingham, inayopima bunduki na kuzipiga chapa, ilichapisha majaribio ya aina 39 za mitutu, na iliyoongoza ilikuwa ya Kiingereza ya kufuliwa kwa fito tatu za chuma tabaka. Haikuwa ya chuma kipya cha kumiminwa.

#5 Kutu_Ni_Adui
Mkuu KipimoElfu, ile ilikuwa mitutu *mipya*, mwaka 1891. Hii ina zaidi ya karne ya chumvi za baruti nyeusi tumboni. Unalinganisha chungu kipya na kigae.

#6 Bi_Mizani
Tuweke hesabu mezani, ubishi upate pa kuegemea.

Kikomo cha presha cha CIP, chombo cha viwango cha Ulaya, kwa geji 12 ya kawaida ni bar 740. Kile cha SAAMI, mwenzake wa Marekani, kwa geji 12 hadi inchi 2¾ ni psi 11,500, karibu bar 793. Risasi za baruti nyeusi za geji 12 hucheza kati ya bar 350 na 450. Chukua bar 740, robo yake ni 185, yaani MPa 18.5.

Mkazo wa mzunguko kwenye ukuta mwembamba ni presha × kipenyo cha ndani ÷ (2 × unene). Ukuta mzima: 18.5 × 18.4 ÷ 2.8 = MPa 122. Penye kishimo, mm 0.9: 18.5 × 18.4 ÷ 1.8 = MPa 189.

Chuma cha kufuliwa cha zamani huanza kuvutika bila kurudi kwenye MPa 200 hivi na kukatika kwenye 330 hivi. Kwa hiyo ukuta mzima haukuwa na sababu ya kupasuka. Penye kishimo ulikuwa unachungulia kaburi.

#7 Mwalimu_wa_Chuma
Bi mkubwa #6, hesabu nzuri kwa ukuta mwembamba. Nyongeza kwa watakaoipeleka kwenye chemba: huko haifai, ukuta ni mnene. Tumia fomula ya Lamé, ya kuta nene. Mfano chemba yenye nusu kipenyo cha ndani mm 10.25 na ukuta wa mm 3: kwa bar 740 ile rahisi inakupa MPa 253, ya Lamé inakupa 295 kwenye ngozi ya ndani. Mtu akijipimia kwa ile rahisi anajipunja usalama wa karibu sehemu ya sita. Chemba hiyo hiyo kwa bar 450 ina MPa 179. Hapo ndipo unaona kwa nini mzee wa baruti nyeusi aliishi miaka mingi, kisha akachoka kwa boksi moja.

Jambo la pili. Kishimo kimoja si sawa na ukuta wote kuwa mm 0.9. Chuma jirani hubeba mzigo. Lakini vishimo vikipangana mstari mmoja kufuata urefu wa mtutu, hesabu ya Bi Mizani inasimama. ChumaChakavu, vimepangana au vimetapakaa?

#8 ChumaChakavu
Vimepangana, karibu sm 4, kufuata mstari wa ubavu wa chini. Ila vipo *nje*, upande uliofunikwa na ubavu. Ndani mtutu unang'aa isipokuwa madoa machache.

#9 Kutu_Ni_Adui
Nilijua! Kutu ya chini ya ubavu. Kesi imekwisha, tukalale.

#10 MpigaKanga
Haijaisha. Ile mm 0.3 ya kuvimba mnaiacha wapi? Mtutu ulioliwa na kutu hupasuka, hauvimbi pete. Uvimbe wa pete ni saini ya kizibo: kikombe cha plastiki kinachobeba marisau, kilichobaki kutokana na risasi dhaifu iliyotangulia, tope, kitambaa cha kusafishia, chochote. Marisau yanakifikia, presha nyuma yake inaruka ghafla, chuma kinasukumwa pande zote kwa wakati mmoja. Ukiona pete, tafuta kilichokaa ndani.

Na kuna muuaji mwingine hamjamtaja: risasi ya geji 20. Ukingo wake ni mm 19.4 hivi. Inapita chemba ya geji 12 bila kugusa, inakwama kooni (pale chemba inapobanwa kuingia mtutuni) kwa sababu ndani ya mtutu ni mm 18.4. Mtu anaona chemba tupu, anaweka ya 12 nyuma yake, anafyatua. Ndiyo maana viwanda hutengeneza ganda la geji 20 la njano, usilichanganye.

#11 KipimoElfu
Ya geji 20 naipinga kwa rula. Chemba mm 65, kwa hiyo kitako cha geji 20 kinakaa kwenye sm 6.5 hadi 7, na pua yake haizidi sm 13. Mpasuko wa namna hiyo huanza hapo hapo mkono wa mbele uliposhika. Huyu ameanza sm 19 na mkono ulikuwa nyuma yake. Pia shaba ya ganda la 20 huacha alama ya mviringo kwenye koo, au inabaki imegandamana pale. ChumaChakavu, angalia koo kwa taa.

#12 ChumaChakavu
Koo ni safi. Hakuna alama ya shaba, hakuna mkwaruzo.

#13 MpigaKanga
Sawa, geji 20 naiachia. Kizibo siachii.

#14 FundiKalamu
Samahani, mimi ni mgeni wa mambo haya. Kwa nini hapa mnaandika Dameski na kwingine naona Damascus? Na ile nakshi kwenye mtutu ni ya kuchora?

#15 Bi_Mizani
Karibu. Andika utakavyo, mtutu hausomi.

Nakshi ya kweli si ya kuchora. Fito za chuma laini na chuma kigumu zinapangwa, zinasokotwa kama kamba, zinaunganishwa kwa moto na nyundo kuwa utepe, kisha utepe unazungushwa kwenye mhimili na kufuliwa kingo kwa kingo hadi uwe bomba. Tindikali inakula chuma kimoja kuliko kingine, nakshi inajitokeza. Liège ya Ubelgiji na Birmingham zilitoa nyingi mno.

Ya uongo ipo pia: bomba la chuma cha kawaida lililochapwa nakshi juu. Safisha sehemu ndogo chini ya kichuma cha mbele hadi chuma cheupe, tia tindikali dhaifu. Ya kweli inarudi, ya uongo haipo tena.

#16 Mwalimu_wa_Chuma
Na hapo kuna ushahidi ambao hatujautumia. Utepe ukizungushwa, nyuzi za chuma zinakaa kuzunguka mtutu, upande ule ule presha inakovuta. Hiyo ndiyo nguvu ya Dameski. Udhaifu wake ni mshono kati ya mzunguko mmoja na mwingine, penye uchafu wa moto ulionaswa. Mshono ukiachia, mpasuko *unafuata mzunguko*. Presha ikizidi chuma kizima, mpasuko *unanyooka* kufuata urefu.

Sasa someni #1 tena: sm 6 umenyooka, sm 3 umefuata nakshi.

#17 BarutiKavu
Kwa hiyo umetuambia ni vyote viwili. Asante kwa msaada mwalimu 😂

#18 Mwalimu_wa_Chuma
Nimekwambia ulianza vipi na uliishia vipi. Ulianza mnyoofu kwenye mstari wa vishimo. Ulipofika mbele, presha imepungua, ukatafuta njia rahisi, ukaupata mshono. Hiyo ni tafsiri yangu.

#19 Lehemu_Laini
Tafsiri ya pili: ulianza kwenye mshono mbele, ukarudi nyuma. Mpasuko hausemi ulianzia wapi kwa kutazama picha tu. Soma uso wa chuma uliovunjika. Dameski nzima ikikatika inaonyesha nyuzi nyuzi za kijivu kama mti uliovunjwa. Ufa wa zamani unakuwa mweusi au kahawia kwa sababu hewa na unyevu vilishaingia. ChumaChakavu, chukua kioo cha kukuzia mara 10, usifute, usipake mafuta, usiguse kwa kidole.

#20 ChumaChakavu
Nimetazama. Uso mwingi ni kijivu, nyuzi nyuzi. Kuna kipande cha mm 11, kwenye sm 21 kutoka nyuma, ni cheusi kinachoelekea kahawia. Kipo upande wa nje, kimeingia ndani ya ukuta kama theluthi mbili ya unene.

#21 Kutu_Ni_Adui
Theluthi mbili! Mtutu ulikuwa umeshikiliwa na theluthi ya mm 1.35, yaani mm 0.45. Weka kwenye fomula ya Bi Mizani: 18.5 × 18.4 ÷ 0.9 = MPa 378. Zaidi ya 330. Nani bado anataka kizibo?

#22 MpigaKanga
Mimi. Mpasuko umekaa wazi siku ngapi kabla ya kutazamwa kwa kioo? Mabaki ya baruti na fataki (kiwashio cha risasi) huweza kudaka unyevu, chuma kibichi kinabadilika rangi haraka. Weusi wa mm 11 unaweza kuwa kutu ya juzi iliyoanza pale moshi ulipoganda zaidi. Na uvimbe wa mm 0.3 hamjaueleza bado.

#23 Kutu_Ni_Adui
Nimeueleza: ukuta dhaifu unavimba kabla ya kupasuka.

#24 MpigaKanga
Ukuta dhaifu upande mmoja unavimba *upande mmoja*. Pete ni ya kuzunguka. ChumaChakavu apime kipenyo cha nje kwa pembe mbili: juu na chini, kisha kushoto na kulia. Mitutu sambamba inazuia kaliba upande wa kulia, basi apime kwa ndani, kwa kijiti cha kupimia mashimo.

#25 ChumaChakavu
Ndani, sm 18: wima mm 18.62, mlalo mm 18.51. Wa kulia, sm 18: wima 18.40, mlalo 18.39.

#26 NgojaWaje
Kwa hiyo umevimba kote, ila wima zaidi. Uzi huu una kila mtu anachotaka.

#27 MzeeWaKoo
Mbona hamuongelei mm 70 ndani ya chemba ya mm 65? Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Risasi ya mm 70 iliyofungwa kwa mikunjo ya nyota ina urefu wa karibu mm 58 kabla ya kufyatuliwa. Inaingia chemba ya 65 kama inaingia nyumbani kwake, bunduki inafunga vizuri, hakuna onyo. Ile mm 70 ni urefu wa ganda likishafunguka. Likifunguka, mdomo wake unalala juu ya koo, njia inabanwa, kikombe na marisau yanapita kwa kusukumana. Presha inapanda.

#28 KipimoElfu
Inapanda, kweli mzee wangu, lakini inapanda *kwenye chemba*. Kwenye sm 19 tofauti ni ndogo. Ulichosema ni sababu nzuri ya kutofanya hivyo, si sababu ya mpasuko huu.

Na msomaji asichanganye: kuna maganda ya mm 67.5 yanayouzwa Uingereza yakiwa yameandikwa kuwa yanafaa chemba ya 65. Urefu wa ganda na presha ya risasi ni mambo mawili. Soma vyote viwili kwenye boksi.

#29 MzeeWaKoo
Boksi lake limeandikwa presha?

#30 ChumaChakavu
Hapana. Limeandikwa mm 70, gramu 28, namba ya marisau na mwendo tu.

#31 BarutiKavu
Basi labda risasi moja ilikuwa na baruti mara mbili. Viwanda navyo ni binadamu.

#32 Bi_Mizani
Hilo linapimika. Zilizobaki boksini zifunguliwe na mtu mwenye mizani ya kusoma gramu 0.01, baruti ipimwe moja moja, marisau yapimwe. Haitakuonyesha ile iliyofyatuliwa, itakuonyesha kama mashine ilikuwa inayumba.

#33 ChumaChakavu
Zimefunguliwa sita. Baruti gramu 1.38 hadi 1.42. Marisau gramu 27.6 hadi 28.3. Zimetulia.

#34 Lehemu_Laini
Na baruti mara mbili ingeng'oa chemba, tumesharudi kwa #4. BarutiKavu, hii ni mara ya tatu unapigwa kwa hoja moja.

Ajali ya kweli ya baruti nyingi ni ya mwishoni mwa karne ya 19. Baruti za kwanza zisizo na moshi kama Schultze na E.C. zilitengenezwa zipimwe kwa ujazo, kikombe kile kile cha dramu (kipimo cha zamani) cha baruti nyeusi. Zikaja nzito kama Ballistite ya Nobel, ya 1887, ambazo lazima zipimwe kwa uzito. Mtu akajaza kikombe cha dramu kwa nzito, mtutu ukaenda zake. Sehemu ya jina baya la Dameski ilitoka hapo.

#35 Mwalimu_wa_Chuma
Hili la #34 naliunga mkono. Niongeze pia: wanaotafuta risasi "za presha ndogo" kwa mitutu ya zamani wajue namna presha hiyo ilivyopatikana. Baruti ya polepole inashusha kilele, lakini inaacha presha kubwa kidogo katikati ya mtutu kuliko baruti ya haraka. Chemba inashukuru. Mtutu mwembamba wa katikati hauna cha kushukuru.

#36 MpigaKanga
Kwa hiyo sasa tuna nadharia ya tano.

#37 Kipimo_cha_Kale
Nimesoma uzi wote. Hakuna aliyezungumzia namba 13, nayo ndiyo inasema kama bunduki ilikuwa bado ndani ya uthibitisho.

Almasi yenye 12 na C pamoja na fimbo zilizopishana ni Birmingham kati ya 1887 na 1904. Kabla ya hapo mtutu wenye choki (mdomo uliobanwa kidogo) uliandikwa NOT FOR BALL. Baada ya 1904 fimbo zinaondoka, zinakuja taji na BP, taji na BV, na NP kwa nitro. Kwa hiyo bunduki hii ilipimwa kwa baruti nyeusi tu.

Namba 13 maana yake inchi 0.710. Wa kulia sasa ni 0.724. Umetanuka inchi 0.014. Kanuni ya Uingereza kwa bunduki za umri huu ni kwamba ukizidi 0.010 umetoka kwenye uthibitisho. Mtu ameisugua ndani kuondoa kutu, ukuta ukapungua. Kung'aa kwa #8 si afya, ni ngozi iliyochunwa.

#38 KipimoElfu
Karibu umalize mechi mkuu, ila penalti imegonga mwamba. Namba 13 haimaanishi 0.710 kamili. Inamaanisha kijiti cha 0.710 kiliingia na kijiti kinachofuata, 13/1 cha 0.719, kiligoma. Siku ile mtutu ungeweza kuwa 0.710 au 0.718. Kutanuka ni kati ya 0.006 na 0.014. Nusu ya eneo hilo haifiki 0.010.

#39 Kipimo_cha_Kale
Umenikamata. Nakubali. Bado nasema imesuguliwa, mtutu wa miaka ile hauwi kioo bila mtu kuufanya kioo.

#40 FundiKalamu
Kwani ukitundika mitutu kwa uzi na kuigonga, ikilia kama kengele si ina maana ni mizima?

#41 Lehemu_Laini
Ina maana mbavu zimeshikamana. Mlio wa kopo bovu unakwambia lehemu imeachia mahali, kwa hiyo maji yanaingia, kwa hiyo kutu ya #8 inaanza. Mlio mzuri haukwambii unene wa ukuta hata kidogo. Mtutu wa mm 0.4 unalia vizuri sana, pengine kuliko mnene.

#42 BarutiKavu
Na ile ya kuifunga bunduki kwenye tairi, kuvuta kifyatulio kwa kamba, risasi tano kali, ikihimili unatumia?

#43 Mwalimu_wa_Chuma
Hiyo ndiyo mbaya kuliko kutopima kabisa. Nyumba ya uthibitisho hupima kipenyo *kabla*, hufyatua risasi ya presha inayojulikana, hupima *baada*, na hukagua. Tairi halipimi kitu. Ufa wa theluthi mbili unaweza kuhimili risasi tano na kusogea kila mara. Ya sita unaifyatua ukiwa umeshika.

Anayetaka kujua hali ya mtutu afanye hivi. Apate kipimo cha unene wa ukuta, chenye mkono mrefu unaoingia ndani na saa ya kusoma nje. Akiweke sifuri kabla ya kila mtutu. Asome kila sm 5 kutoka nyuma hadi mdomoni, kwenye kila pembe ambayo ubavu hauzuii, aandike yote. Wafua bunduki wengi wa Kiingereza huishia inchi 0.020, mm 0.5, kama kikomo cha chini cha geji 12, na hicho ni kwa theluthi ya mbele. Mm 0.5 hiyo hiyo kwenye sm 20 kutoka nyuma ni kifo. Kikomo bila mahali hakina maana.

Kisha aelekeze mtutu kwenye dirisha lenye mstari mnyoofu mweusi, azungushe taratibu. Kivuli cha mstari kinatembea ndani kama uzi. Penye uvimbe uzi unavunjika.

#44 Kutu_Ni_Adui
Na chini ya ubavu kipimo hicho hakifiki. Ndiyo hoja yangu tangu #9.

#45 Lehemu_Laini
Hapo uko sahihi, na kuna chanzo cha kutu hiyo ambacho hakijatajwa. Kupaka weusi kwa chumvi za moto za magadi. Mbavu za mitutu sambamba zimeshikwa kwa lehemu laini ya bati na risasi (ile metali, si ya kufyatua). Chumvi zile zinaila lehemu, zinaingia chini ya ubavu, hazitoki, zinaendelea kula chuma gizani. Mitutu ya lehemu laini hupakwa kwa njia ya polepole ya kutu na maji ya moto tu. ChumaChakavu, rangi ya mitutu hii ni kahawia yenye nakshi wazi, au weusi wa samawati uliofunika nakshi?

#46 ChumaChakavu
Weusi wa samawati. Nakshi inaonekana kwa shida, kwenye mwanga wa ubavuni.

#47 Lehemu_Laini
Basi imewahi kuchovywa. Na ubavu wa chini umewahi kulehemiwa upya?

#48 ChumaChakavu
Kuna lehemu nyeupe zaidi kati ya sm 15 na sm 30, ya mbele yake imefifia. Ndiyo, naona imerudiwa.

#49 Lehemu_Laini
Sasa rudi kwenye kile kipande cheusi cha mm 11, na kioo chako. Nataka kujua kama kuna lehemu *ndani ya ufa*. Lehemu inanyonywa na ufa mwembamba kama mafuta na utambi. Ikiwa imo, ufa ulikuwepo siku ubavu uliporudishiwa, na MpigaKanga arudishe kizibo chake sokoni.

#50 MpigaKanga
Nangoja kwa hamu. Sitishwi na mtu.

#51 Risasi_za_Chuma
Nikiwa nasubiri nami: vipi kuhusu marisau ya chuma kwenye mitutu hii?

#52 Bi_Mizani
Hapana. Hayabonyei kama ya risasi. Kwenye choki kali ya mtutu mwembamba yanauvimbisha mdomo, na kikombe kikipasuka yanakwaruza ndani. Bunduki zilizothibitishwa kwa marisau ya chuma ya nguvu zina chapa ya ua la yungiyungi. Hii haina hata NP. Bismuthi ndiyo laini inayokaribia risasi, na nayo iwe kwenye mzigo wa presha inayofaa. Fungua uzi wako, huu una maiti mezani.

#53 ChumaChakavu
Nimerudi. Ndani ya sehemu nyeusi kuna utando mdogo unaong'aa, urefu mm 3, rangi ya fedha iliyochafuka. Unakwaruzika kwa ncha ya sindano.

#54 Lehemu_Laini
LEHEMU.

#55 MpigaKanga
Au risasi ya marisau iliyopakwa na gesi wakati chuma kinafunguka. Laini pia. Rangi ya fedha chafu pia.

#56 Lehemu_Laini
Kwa kikombe cha plastiki marisau hayagusi hata ukuta!

#57 MpigaKanga
Kikombe kikikutana na kizibo kinasambaratika, yanagusa kila kitu. Hilo ndilo nasema tangu #10.

#58 Mwalimu_wa_Chuma
Inapimika. Lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Risasi tupu huyeyuka kwenye 327, na ya marisau, yenye antimoni, haianzi kulainika hadi karibu 250. Kata kipande chenye utando huo, kiweke juu ya bamba lenye kipimajoto, pandisha taratibu hadi nyuzi 215. Ukitiririka ni lehemu, ukibaki mkavu ni marisau.

#59 Bi_Mizani
Msikate! Ukikata kwa msumeno joto na unga wa chuma vinaharibu uso, na ukipasha, weusi ule unabadilika rangi na hatutajua tena umri wake. Utando ukwanguliwe kwa sindano, unga wake ndio upashwe, kipande kibaki kama kilivyo.

#60 ChumaChakavu
Mm 3 za utando, nikikwangua sitapata hata punje ya chumvi. Itaonekana ikiyeyuka?

#61 Mwalimu_wa_Chuma
Chini ya kioo cha mara 10, ndiyo. Punje yenye pembe inageuka tone la mviringo. Iweke juu ya kioo safi na chembe ya flaksi (dawa ya kulehemu), la sivyo ngozi ya oksaidi itaishikilia umbo hata ikiwa maji ndani.

#62 Kutu_Ni_Adui
Na iwe lehemu au marisau, ukuta ulikuwa mm 0.45.

#63 MpigaKanga
Kama weusi ni wa zamani.

#64 NgojaWaje
Flaksi inapatikana mkuu? Maana hapa hakuna anayelala.